Kisanduku cha Kati

Bahasha tatu nimezificha nyuma ya kopo la kahawa,
kana kwamba kodi ni panya,
usipomtazama hatakula.
Duluth, Februari. Theluji imefika usawa wa dirisha,
ziwa limeganda hadi pale macho yanapokoma.
Reino amefariki tangu Oktoba
lakini idara ya kodi bado inamwandikia.
Inamwita "Mpendwa",
neno ambalo mimi, kwa miaka arobaini na moja,
nilimwita mara chache mno.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Nachukua kisu cha siagi, napasua.

Kurasa nane. Jicho linakimbilia jumla:
dola elfu nne mia moja kumi na nane,
na moyo unatoka mlangoni bila viatu.
Naurudisha. Nauketisha.
Nasoma upya, kidole chini ya kila neno
kama mtoto wa darasa la kwanza:
*Hii si ankara. Hili ni pendekezo.*
Pendekezo!
Majira yote ya baridi nimeogopa pendekezo.

Kushoto, mlichotuambia.
Kulia, tulichoambiwa na wengine.
Mstari wa kwanza, hisa za kiwanda cha karatasi.
Wamehesabu bei yote kuwa faida,
utadhani Reino aliziokota barabarani.
Risiti ya kuzinunulia ninayo,
imo kwenye boksi la ndoano, inanuka samaki,
tarehe inasomeka.

Mstari wa pili, akiba ya uzeeni,
dola elfu sita, imetolewa Machi, mwaka juzi.

Machi, mwaka juzi.
Nililala wodini wiki tatu, nikawekewa nyonga mpya.
Bima imelipa yote, Irma, alisema,
akimenya chungwa, uso hakuuinua.

Kumbe.
Ndoa nzima sikuwahi kumkamata na uongo.
Serikali imemkamata,
ikanitumia nakala.

Mwishoni kuna visanduku vitatu:
nakubali yote, nakubali baadhi, sikubali.
Natia alama cha kati, kalamu inatoboa karatasi.
*Kuhusu hisa, mmekosea. Tazameni kiambatisho.*
*Kuhusu akiba, mko sahihi.*
*Mume wangu ni marehemu. Naomba kulipa kwa awamu.*
Nilitaka kuongeza jambo juu ya lile chungwa.
Hakuna nafasi iliyoachwa kwa hilo.

Dawa ya deni kulipa, ndiyo,
ila kwanza ujue unalipia nini.
Zimebaki siku nne kati ya thelathini.
Navaa buti zake, zinanipwaya,
nashuka mtaa wenye barafu hadi posta,
hatua kwa hatua, juu ya nyonga
ninayodaiwa kodi yake.

"Ya kawaida au rejesta?" anauliza karani.
Rejesta, namwambia.
Na stakabadhi, tafadhali. Nitaiweka
kwenye boksi la ndoano.