Wembe wa Matanga

Siku ya nne baada ya kumzika baba,
Kibosho, pembeni mwa migomba,
tulikaa kwenye viti vya kukodi,
vichwa ishirini na vitatu, tukingoja kunyolewa.

Shangazi Aikaruwa akafungua karatasi:
wembe mmoja, beseni moja, kipande cha sabuni.
"Mwenzako akinyolewa," akasema, "wewe tia maji."
Watu wakacheka kidogo,
kicheko cha kwanza tangu Jumanne.

Mimi ni kinyozi.
Kibanda changu kipo Mbuyuni, Moshi mjini,
nyuma ya wauza viatu vya mitumba.
Siku ile nilikuja kama mtoto wa marehemu,
lakini macho ya kazi hayaendi likizo.

Nikaona juu ya sikio la kaka Ndekirwa
tone limechomoza, dogo kama punje ya ulezi.
Shangazi akaupangusa wembe kwenye kanga yake.
"Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Manka. Miaka sita.

Nikasema, shangazi, ngoja.

Akaniangalia kama mtu aliyemwaga mbege ya wazee.
"Tumetoka tumbo moja hapa. Damu yetu ni moja."

Ningemjibu nini?
Ningemsimulia mwaka wangu wa kwanza wa mashine,
mtoto mwenye mapunye, duara jeupe kisogoni,
nami nikayapuliza tu meno ya mashine, pfu,
nikaenda kwa mwenzake, na kwa mwenzake,
hadi darasa la pili likawa linajikuna,
na mama mmoja akaja kusimama mlangoni.
Hakunitukana.
Alimvua mwanawe kofia, basi.

Au mwalimu, mteja wangu wa kila Jumamosi,
macho yake yalipogeuka rangi ya ndizi mbivu:
homa ya ini.
Hakujua aliitoa wapi.
Mimi pia sijui,
na kutojua huko ndiko kunakonikesha.

Nikasema tu: damu hiyo hiyo, shangazi,
ndiyo ninayoiogopa.

Jirani akaguna: "Sasa mnadhaniana wagonjwa?"
Hapana. Wembe hauulizi nani mgonjwa,
na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui.
Damu ikikauka hapo, virusi vinaweza kukaa
juma zima, vikimngoja mwingine.

Nikamtuma kijana dukani kwa Mangi Aloyce,
pakiti tano, tano tano ndani.
Spiriti ninayo mjini, ya kusafishia mashine,
lakini wembe ulioonja damu
hausafishwi. Unatupwa.

Nikanawa. Nikaanza na Manka.
Kila kichwa na wembe wake,
karatasi ikichanwa mbele ya mwenyewe,
na kila uliomaliza kazi ukaanguka, ti,
ndani ya kopo la maziwa ya unga
ambalo baadaye tulilifunga
na kulitosa chooni, shimo refu,
mbali na vidole vya watoto.
Shangazi alikuwa akihesabu kwa midomo.

Kinyozi hajinyoi.
Wa mwisho nilikuwa mimi.
Nikainamisha kichwa, nikasikia karatasi ikichanika,
kisha mkono wake mkavu ukaniinua kidevu.
Akauleta wembe mbele ya macho yangu,
akaugeuza upande huu, upande huu,
kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi.
"Umeuona?"
Nimeuona, shangazi.

Ndipo maji ya baridi yakagusa utosi,
pale baba alipozoea kuweka kiganja.
Zilibaki nyembe tatu.