Atlasi ya Matundu

Nilianza na dirisha moja tu, Majengo,
nyuma ya mashine ya kusaga:
tofali la maua, saruji imepauka,
matundu manne yenye umbo la uru
(uru ya karata, si ile ya mlimani).
Nikapiga picha, nikatandaza futikamba,
nikaandika pembeni: saa nne asubuhi,
kivuli kimefika goti la mtoto aliyeketi.

Kisha Njoro. Kisha Pasua. Kiboriloni siku ya soko,
nikipima ukuta huku muuza ndizi akiniuliza
kama serikali inakuja kubomoa.
Miezi saba, picha mia tatu na kumi na mbili.
Nikazitandika sakafuni mwa chumba cha kupanga
mpaka paka akakosa pa kukanyaga.

Atlasi ya shule ilikuwa na bahari ya buluu,
na mji mkuu ulikuwa nukta.
Hii yangu haina kaskazini.
Humu duka la ghorofa lenye mwaka wake kipajini
limekaa ubavuni mwa banda la mbuzi la Mama Ndelamio,
Kibosho, kwa sababu moja tu:
yote mawili yanajua kupumua.
Nazihamisha, nazirudisha.
Kuta mbili zisizojuana zinaanza kusemezana,
nami nimekaa katikati, kalamu sikioni,
nasikiliza umbea wa saruji.

Nina kazi: zahanati, Shirimatunda.
Kamati inataka vioo.
“Kioo ndiyo maendeleo,” amesema Bwana Kileo,
“na feni sita.”
Nikamuuliza, na umeme ukikatika?
Akatazama dari, kana kwamba jibu limening’inia huko.

Usiku huo, nikipanga kurasa, nikaliona kovu.
Kona ya chini, kulia, mkwaruzo wa msumari.
Picha ya tisa. Ya sitini. Ya mia mbili na nne.
Majengo, Rau, Soweto, nyumba arobaini na moja,
jeraha moja.
Basi kalibu ilikuwa moja,
na mkono mmoja.

Nilimpata nyuma ya stesheni ya reli
akichomelea toroli la mtu.
Fundi Shekalaghe hakunikaribisha kiti.
Alilamba kidole akafungua kurasa
kama anayepekua daftari la madeni:
“Huyu alinilipa nusu.
Huyu hakunilipa.
Hii si yangu, kaiga, tena kaiga vibaya.”
Kisha akanyamaza.
Akalishika jalada kwa mikono miwili,
akaligeuza, miguu juu.
“Hii umeipindua.
Tundu linalala kuelekea nje, binti.
Ukilisimamisha hivi,
mvua ya masika itaingia mpaka kitandani.”

Ukurasa huo ndio niliochorea wodi ya wazazi.
Siku tisa za mchoro, ukuta mzima,
matundu mia moja na themanini
yakiwaelekezea maji vichanga.
Picha haikudanganya.
Mimi ndiye niliyeibandika.

Alirudisha toroli lake motoni.
Nilikuwa nimeshafunga mkoba aliposema,
bila kugeuka: “Na mimi nimo ukurasa wa ngapi?”

Nilikuwa na vipimo, vivuli, saa,
rangi ya chokaa kabla na baada ya mvua.
Mikono sikuwa nayo.
Nikasema, bado.
Akaingia ndani, nikasikia mabati yakigombana,
akatoka na kalibu: chuma, kutu, kamba ya katani,
na pale konani, umeinama kidogo,
msumari.

Sasa ni picha ya mia tatu na kumi na tatu.
Sijui niiweke kando ya nini.
Jumanne naenda mbele ya kamati
na kurasa tatu, ufutio umekwisha nusu,
na tofali moja mkobani, zito, linanivuta bega.
Nitalishika juu, upande ulio sahihi,
nimwage kikombe cha maji.
Bwana Kileo atazame yanapoelekea.