Dakika Nne

Kengele yetu ni rimu ya Fuso
lililokufa kwenye mteremko wa kwenda Masasi.
Mwenye nondo ni mimi,
Kidato cha Kwanza B, Newala,
na saa ya marehemu mjomba
niliyoifunga kwa uzi wa kushonea magunia.
Nikigonga, watu mia tatu na kumi husimama.
Nyumbani hata mbuzi hanisikilizi.

Jumatatu ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukaingia hadi paredi. Bendera hatukuiona,
tuliisikia tu ikijipigapiga mlingotini,
tukaiimbia hivyo hivyo.
Mwalimu Hokororo akaita majina kwa sauti ya mafua.
Nantende. Nipo.
Mchopa. Nipo.
Likwata. Yuko njiani, mwalimu, anachechemea.
Somoe Chilumba.
Somoe Chilumba.
Kalamu ikaelea juu ya daftari
kama inzi asiyejua atue wapi.

Msimu wa korosho madawati hupata nafasi.
Wanaorudi, hurudi na viganja vyeusi,
utomvu umewala ngozi,
na herufi zao zimelala upande
kwa maumivu ya kushika kalamu.

Jumanne tulifundishwa asilimia.
Jumatano tukafundishwa tena, Jumanne ilikuwa imepotea bure:
bibi ana kilo themanini,
chama kimekata, mizani imekata,
mwenye pikipiki amekata,
tafuta kinachobaki.
Dadi Nang'onya akanyoosha kidole:
"Mwalimu, anabaki bibi."
Tulicheka hadi dasta likaanguka.
Mwalimu hakucheka. Alisimama na chaki yake
muda wa kutosha mtu kumenya ming'oko miwili,
kisha akauliza, si swali la hesabu:
"Bibi yake Somoe anakaa wapi?"

Alhamisi ni siku ya michezo. Hatukucheza.
Tulikwenda na ndoo zilezile za maji ya chooni,
wanafunzi arobaini na mmoja, na mama Fadina mpishi wa uji,
aliyesema anakuja kutazama tu
na akaokota kutushinda wote.
Bibi alikaa kizingitini, mguu uliovimba
ameuegemeza juu ya kinu kilicholazwa,
akatuamrisha kama karani wa ghala:
"Okota! Nyofoa! Usitafune!"
Tulitafuna.
Mabibo yalitutiririka viwikoni.

Somoe hakututazama usoni.
Alinionyesha tu namna ya kuisokota korosho
itoke bila kulirarua bibo lake.
Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu niliharibu kusudi.
"Kesho utakuja?"
"Nikiwahi bomba," akasema.
Kwetu huku juu, bomba ndilo hupanga ratiba;
wizara hufuata.

Ijumaa, saa moja na nusu.
Nondo mkononi. Mwalimu wa zamu kanikodolea.
Mbali, kwenye njia ya mihogo, kitu cheupe
kidogo kama leso
kinapanda, kinazama, kinapanda.
Nikajifanya nakaza uzi wa saa.
Nikajifanya nakwangua kutu ya rimu.
"Wewe! Saa ngapi?"
"Bado, mwalimu."
Leso likaota mikono.
"Saa ngapi nakuuliza!"
"Bado kidogo, mwalimu."
Likaota uso.

Maishani nimeiba vitu viwili:
yai la shangazi,
na dakika nne za Serikali.

Alipojipenyeza mstarini, viatu mkononi,
niligonga rimu
hadi kunguru wa stoo wakahama.

Somoe Chilumba.
Pumzi haikumwachia neno.
Akainua kiganja, cheusi, chenye malengelenge,
na Mwalimu Hokororo akakiandika.
Halafu akaitazama saa yake.
Halafu akanitazama mimi.
Akapenga kamasi, akaendelea: Tawalani. Nipo.

Jumamosi tulifua mashati.
Maji ya bibo hayatoki.
Ukipita paredini kwetu utaitambua Kidato cha Kwanza B
kwa madoa ya kahawia,
na kwa kuchelewa kwake, kidogo tu,
wote kwa pamoja.