Fumbo la Kome Wanane

Wanane wamo kwenye tangi la kioo, chini ya kituo cha maji,
kila mmoja na sumaku ndogo iliyogandishwa gambani,
kila mmoja na waya wake, na mstari wake kwenye skrini.
Mji mzima hunywa kwa idhini yao.
Meya hajui. Waliobandika birika la chai hawajui.

Bosi wangu, Makowiecki, huwaita "mitambo".
Mimi, Halszka, mshika zamu wa usiku, nawaita kwa namba,
isipokuwa wa Sita, mzito wa kufumba, mzito wa kufumbua:
huyo namwita Shangazi.

Kazi yao ni kupumua. Basi.
Mto Warta unaingia upande huu na matope yake,
na mbolea ya mashamba, na mafuta ya boti, na jasho la viwanda,
unatokea upande huu umepunguziwa mzigo.
Kome mmoja, ndoo kadhaa kwa siku,
hatozi hata senti.
Lakini si yote anayoyachuja huyatema.
Mengine hukaa nyamani, mengine hupanda gambani:
mwaka wa shibe, mstari mpana;
mwaka wa sumu, mstari mwembamba kuliko uzi wa sindano.
Ninalo gamba moja kuukuu, baba alilileta nikiwa na miaka saba,
naliwekea sabuni.
Nimehesabu kutoka ukingoni kurudi nyuma.
Mwaka niliozaliwa hauonekani
mpaka uliinamishe kwenye taa.

Ilikuwa Januari, saa nane na dakika ishirini usiku.
Wa Kwanza akafumba.
Nikasema, huyu ana usingizi.
Wa Nne. Wa Saba. Wa Pili.
Kisha Shangazi,
ambaye hata nikigonga kioo kwa pete hashtuki.
Wakifika watano, pampu hazingoji amri ya mtu:
zilikohoa, zikanyamaza,
na mji wa watu laki tano ukakaukiwa koo usingizini.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Niliusikia mimi, peke yangu, na kikombe mkononi.

Mwoka mikate alitutukana kwenye simu, unga umemjaa viganjani.
Hospitali ilifungulia akiba yake.
Maabara ikapima mara tatu: risasi, zinki, sianidi,
dawa za magugu. Hakuna. Maji ni maji.
Saa moja na robo asubuhi wakafumbua, mmoja mmoja,
Shangazi wa mwisho, kama mtu aliyemaliza sala.
"Tumefunga mji kwa amri ya supu!" alifoka Makowiecki.
Gazeti likachora kome amevaa kofia ya polisi.
Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua;
sisi wenye darubini tulijaza fomu.

Jioni nikampigia baba.
Gerwazy, miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha ngozi, kule juu ya mto;
siku hizi mapafu yake hupiga filimbi yenyewe.
Nikamsimulia. Hakucheka.
"Saa ngapi?"
Saa nane na ishirini.
Simu ikabaki na filimbi tu.
"Na sisi," akasema, "tulikuwa tukifungulia saa nane.
Wapimaji walikuja saa tatu asubuhi.
Wakachota. Wakatusifu."

Sikumuuliza mwaka gani.
Gamba lilikuwa mbele yangu, na sabuni yake.

Zamu ya kome ni miezi mitatu.
Machi, barafu ilipoachia, niliwarudisha kwenye ziwa walikotoka,
nimewatia alama kwa tupa wasije wakaitwa tena.
Baba alisema atabaki garini.
Hakubaki. Alishika ndoo kwa mikono miwili,
akawapanga matopeni, ncha chini,
kama anayepanda vitunguu.
Shangazi alikuwa amefumba.
Baba akachutama, mkono umo majini,
akangoja, vidole vikawa vyekundu, vikawa vyeupe.
Nikamwambia, twende, baba, utaugua.

Tulipoondoka
alikuwa bado hajafumbua.