Chupa Mbili, Molo

Kwenye dirisha la maabara, nje ukungu haujaamka,
nimesimamisha chupa mbili za spiriti.
Daktari Cherotich anataka tofauti, mstari mmoja kwa kila inzi.
Mstari mmoja!

Huyu wa kushoto nilimleta kutoka Sabatia,
ana rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Hutaga kivulini, kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo,
au kwenye nepi iliyoanikwa ikakawia kukauka.
Kisha vitoto vyake hungoja joto la mtu.
Siku ya nane, jipu; juu ya jipu, tundu la kupumulia.
Shangazi Kageha alilipaka mafuta ya mgando,
akasubiri kama anayemsubiri mgeni amalize uji,
halafu akaminya. "Toka. Umeshakula."
Tangu siku hiyo kila shati langu lilipigwa pasi ya makaa
nje na ndani, hata mishono,
hata mfuko usio na kitu.

Wa kulia ni wa hapa hapa, wa kondoo.
Kijivu, kama majivu yaliyonyeshewa.
Kinywa hana cha maana: akishaota mbawa
hali kitu mpaka afe.
Hatagi, huzaa; na kuzaa kwenyewe hatui.
Hupita mbele ya pua ya kondoo,
akawarusha wanawe wakiwa hai, akaenda zake.
Ndiyo maana adhuhuri kondoo wa Gathogo husongamana,
kila mmoja kafukia pua kwenye sufu ya mwenzake
kama waliofiwa.
Miezi mizima mabuu hukaa humo, kwenye mapango ya fuvu,
mpaka chafya iwatupe udongoni.

Nimeandika: *Wa kwanza hutegesha. Wa pili hapotezi muda.*
Nikafuta.

Nilikuwa na miaka sita. Lori la viazi
lilipunguza mwendo tu, pale Chavakali.
Mama hakushuka.
Mikono yake ilinipitisha juu ya ubao,
mikono ya shangazi ikanidaka,
na injini haikuzimwa.

Sijui alikula nini huko alikokwenda,
kama alikula.
Ninachojua ni harufu ya pasi,
majivu yakipulizwa mlangoni kabla ya kengele ya shule.

Daktari anachungulia begani kwangu:
"Sasa hawa, nani mama mbaya zaidi?"
Anatania.
Namjibu kuhusu kondoo.