Kipimo cha Isyonje

Saa kumi alfajiri, ukungu umeshuka kutoka Uporoto
kama shuka lililosahauliwa kambani usiku kucha,
na mimi, Tusajigwe, mshona magunia,
napuliza vidole kabla sijashika sindano.
Shilingi mia tatu kwa gunia.
Ukishona ishirini umepata unga, sabuni, na daftari la Lugano.
Ukishona kumi na nane, unachagua.

Dalali Anyosisye hapimi kwa mizani.
Gunia likijaa anasema, "Bado."
Linapigwa goti, linatikiswa na vijana wawili,
linajazwa tena, linavishwa kilemba cha wavu,
hadi linasimama kama mjamzito wa mwezi wa tisa,
na mwenye shamba analipwa gunia moja.
Lumbesa.
Mimi ndiye ninayeifunga mdomo.

Jumapili mwinjilisti akatusomea
habari ya kipimo kizuri, kilichoshindiliwa,
kikatikiswa, kikafurikia mapajani mwa mtu.
Kanisa zima likaitika amina.
Mimi nikabana midomo.
Bwana, nikasema moyoni, nisamehe,
lakini hicho nakijua. Hicho ni lumbesa.
Hata wewe unanunua viazi Isyonje?

Wiki nzima sikuomba,
au niliomba kwa ukali, kama mtu anayedai chenji yake.
Lugano akarudishwa nyumbani: mchango wa uji wa shule.
Sindano ikanichoma kiganja, damu ikaingia kwenye kamba,
nikashona nayo.
Kisha mvua, barabara ikawa ugali mbichi,
malori hayakuja siku mbili,
na siku mbili bila lori
ni siku mbili bila moshi jikoni kwangu.

Jioni ya siku ya pili Subilaga akabisha hodi.
Subilaga, ambaye baka jani lilimlia nusu ya shamba
na nusu iliyobaki ikaenda na kilemba.
Hakuniuliza kitu. Aliweka sado chini, akamimina viazi.
Sado ikajaa.
Akasema, "Bado."

Neno lile lile.

Akaitikisa, viazi vikakaa, nafasi ikatokea, akaongeza.
Akajenga kilemba kwa mikono yake yenye nyufa za udongo
hadi kiazi kimoja kikadondoka,
kikabiringika mpaka uvunguni,
na Lugano akatambaa kukifuata, anacheka.
Mimi nilikuwa nimekinga kitenge,
sijui nilikikinga saa ngapi.

Sisemi kwamba nimeelewa yote.
Bado nina neno na dalali.
Juzi nililisema, mbele za watu:
"Kilemba hiki sikishoni,"
nikaichomeka sindano kwenye khanga.
Akacheka, akaita mshonaji mwingine.
Siku hiyo nilishona kumi na moja tu.
Ila wenye mashamba wawili walikuja kusimama upande wangu,
kimya, mikono mifukoni,
na mmoja akauliza, kama anauliza bei ya chumvi,
mizani ya kijiji imefungiwa wapi.

Mtume yule naye alishona; mahema, wanasema.
Sijui kama alfajiri alipuliza vidole.
Sijui kama alipoishiwa kamba
alikuita kwa jina au alikuita kwa kuguna.
Mimi leo nimekuita kwa kuguna.
Umezoea, nadhani.

Kumekucha nusu. Lori la kwanza linanguruma kwenye mteremko.
Nina kamba ya katani ya magunia tisa,
na zaidi ya hapo sijui.

Kile kiazi cha uvunguni hatukukila.
Kilitoa macho matatu,
Lugano akakifukia nyuma ya jiko,
na kila asubuhi, kabla ya kunawa uso,
anachuchumaa pale kwenye umande
anakiuliza, "Bado?"