Kitabu cha Madoa

Kabla ya kitabu kile sikujua nina dosari.
Miaka sita dukani kwa Bwana Kanji, Mtaa wa Biashara,
nikipanda ngazi, nikishusha doti,
nikiwatandazia wanawake wa Kibokoni na Majengo
leso mezani, pap, kama mcheza karata.
Mtu akisema, "Nipe ile nyekundu,"
nami nauliza, "Imeandikwaje, dada?"
Waliniona mjuzi. Na mjuzi nilikuwa:
nilizijua zote kwa majina yake,
za masimango, za mahaba, za kumrushia mke mwenza.
Rangi nilidhani ni namna tu ya watu kuzungumza.

Tulikwenda Tononoka mimi na Batuli,
ndugu wa ziwa moja, bahasha za kaki kwapani.
Jeshi la Wanahewa lilitaka vijana wa kurusha ndege.
Walitukimbiza pekupeku kuzunguka uwanja,
wakatuhesabu meno kama wanunuzi wa punda,
wakatukanyagisha simiti kwa nyayo mbichi:
mwenye unyayo bapa, kwao.
Batuli, mwembamba kama mwiko wa uji,
alimaliza wa nne, akatapika, akajipangusa,
akarudi kwenye mstari.

Ndani ya hema, meja daktari
alifungua kitabu kidogo.
"Soma namba."
Niliona choroko. Choroko na kunde
zimemwagwa kwenye ungo, zangoja kuchaguliwa.
"Namba gani, afande?"
"Iliyo humo."
Nikasema saba, kwa kubahatisha,
kama ninavyobahatisha ndizi mbivu kwa kuziminya.
Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu,
kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.
Pumzi za Batuli zilikuwa shingoni mwangu.
Alikuwa ameiona. Sikuhitaji kugeuka.
Angeweza kuninong'oneza.
Hakuninong'oneza.

Miezi saba sikusema naye.
Mama alimfungia visheti na soksi za sufu,
mitumba ya Kongowea, akampeleka stesheni peke yake.
Simu ikilia jioni naitazama mpaka ichoke.
Na dukani kila doti ikawa mtihani:
naishika, naigeuza kwenye mwanga wa mlango,
naitafuta ile nyekundu
ambayo kila mpita njia anaiona bure.

Alirudi likizo mwaka wa pili, mabega yamepanuka,
sauti imeshuka. Tulikaa kwenye ngazi za nyumba,
viazi karai katikati yetu, ukwaju ukitutoka vidoleni.
"Mara ya kwanza mawinguni peke yangu," akasema,
"mwili uliniambia nimetulia kama maji ya mtungi.
Mishale iliniambia nimelalia ubavu, nashuka.
Mwalimu alishatwambia: huko juu mwili ni mwongo,
macho pia. Soma. Amini ulichosoma."
Kiganja chake kilikuwa kikipinduka polepole juu ya sahani.
"Nikasoma. Nilikuwa nalia, lakini nikasoma."

Nilinyamaza.
Miaka sita kwa Bwana Kanji
nilikuwa ndani ya wingu hilo hilo, nasoma,
na hakuna aliyenivisha nembo.

"Ungeninong'oneza," nikasema.
Hakujifanya hajui.
"Ukurasa wa kwanza, sawa. Na wa pili.
Na taa za uwanja, usiku, mvua inapiga kioo,
ipi ya kutua na ipi ya kukukataza?
Nani angekunong'oneza, Shebwana?"

Paka akapita. Jirani akamwaga maji barazani.
Nikamuuliza, macho kwenye sahani,
ile namba ilikuwa ngapi.
"Sabini na nne."
"Mimi nilisema saba."
Akafikiri, kwa makini, kama mtu anayepima mafuta.
"Basi nusu uliipata," akasema,
akanisogezea kiazi cha mwisho.